Egregious: jinsi ya kulielewa hili neno la Kiingereza kuanzia kwenye mzizi mpaka kuliandika bila kuteleza

Kuna vivumishi vya Kiingereza ambavyo ukikutana navyo kwenye ripoti au kwenye hukumu ya mahakama unaishia kukisia tu, unaona sentensi yote imekaa kilawama unasema haya, itakuwa ni "mbaya" hii, unaendelea kusoma. Egregious ni kimojawapo. Na kukisia kwenyewe sio dhambi, kwa neno hili ukisema "mbaya" hujapotea sana. Shida inaanza siku unataka kuliandika wewe mwenyewe, au unalikuta kwenye maandishi ya zamani linamsifia mtu, hapo ndo unabaki umeshika kichwa, inakuwaje neno moja linasifia na linalaumu? Sababu ipo na ukishaijua hili neno haliwezi kukutoka tena.

Kwa hiyo twende hatua kwa hatua. Nimelichagua egregious kwa makusudi kabisa kwa sababu historia yake imekunjika vizuri, na njia tutakayopita humu unaweza kuitumia kwa kivumishi chochote kigumu chenye asili ya Kilatini, sio hiki tu.

Hatua ya kwanza: litamke

Wengi wanaruka hapa wanakimbilia maana, mi naona ni kujicheleweshea, neno ambalo ulimi haujalizoea kichwa nacho hakilishiki. Linatamkwa i-GRI-jas. G ya kwanza ni ile ya gari, g ya pili inageuka kuwa j ya jambo, na irabu ya mwisho inafifia, sio a kamili wala e kamili, wewe ipitishe haraka tu. Hiyo GRI ndo unaivuta kidogo, mkazo uko hapo. Na kwa sisi tunaoongea Kiswahili hii ni rahisi mno maana mkazo wetu karibu siku zote unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa ndo hapohapo, ulimi wako unajua kazi hiyo tangu utotoni. Utawasikia wengine wanasema i-GRI-ji-as, silabi nne, kuna kamusi zinaliandika hivyo pia, usibishane na mtu, zote zinakubalika.

Tahajia nayo iangalie mara moja halafu basi: e-g-r-e-g-i-o-u-s. Wanaokosea wanaiacha ile i baada ya g ya pili. Hiyo i ina kazi, ndo inayoilainisha g iwe j, ukiitoa mtu anaweza kusoma "gas" kama gesi. Na kwa kuwa linaanza na irabu, mbele yake ni an sio a: an egregious error.

Hatua ya pili: andika maana ya leo kwa sentensi nzima, sio kwa neno moja

Kamusi ya Merriam-Webster inalieleza kama kitu kinachojitokeza, hasa kinachojitokeza kwa ubaya wake. Za Oxford zinasema ni ubaya wa kupindukia, wa kushtua. Sasa wengi hapa wanafanya kitu kimoja, wanaandika kwenye daftari "egregious = baya sana" wanafunga, afu wiki inayofuata wanasema hali ya hewa ni egregious, na mwalimu anachora mstari mwekundu na hawaelewi kwa nini.

Wewe andika hivi: egregious ni kosa au tendo la mtu ambalo ubaya wake umepitiliza mpaka linajitenga na makosa mengine ya aina yake. Soma tena polepole. Kuna ubaya, kuna kupitiliza, na kuna mtu au taasisi iliyolifanya. Mvua haina kosa, kichwa kinachouma hakina kosa, kwa hiyo haviitwi hivyo. Lakini mhandisi aliyeona ufa kwenye daraja akasaini kwamba liko salama, huyo amefanya kitu egregious.

Kwa Kiswahili maneno yanayokaribia ni "uliokithiri", "wa kupindukia", "wa kupita kiasi". Uzembe uliokithiri, ukiukaji uliokithiri wa haki za binadamu, hapo umelipata kwa asilimia kubwa. Ila kuna kitofauti kidogo ambacho mimi nakiona cha maana: kukithiri kuna harufu ya wingi, kitu kimezidi, kimejaa, kimekuwa kingi. Egregious halijali wingi. Kosa moja tu, lililofanywa mara moja tu, asubuhi moja, linaweza kuwa egregious kama uzito wake umevuka mipaka. Kwa hiyo ukitafsiri angalia, kama ni tukio moja "la kupindukia" linakaa vizuri zaidi.

Hatua ya tatu: livunje vipande

Hapa ndo penye utamu. Neno limetoka kwenye Kilatini egregius, na Warumi walikuwa wanalitamka kwa g ngumu zote mbili, e-gre-gi-us. Lina vipande viwili vikubwa.

Kipande cha kwanza ni e, ambayo ni ex iliyokatwa mkia, maana yake ni kutoka au nje ya. Kilatini kilikuwa kinaiangusha ile x mbele ya konsonanti nyingi, na unaiona mpaka leo kwenye Kiingereza: eject ni kutupa nje, emit ni kutoa nje kama mwanga au moshi, elect ni kuchagua yaani kumtoa mtu kati ya wengine. Ukishaizoea hii e utaanza kuiona kila mahali.

Kipande cha pili ni grex, na grex ni kundi, hasa kundi la mifugo kama kondoo na mbuzi. Katika sarufi ya Kilatini ukitaka kusema "ya kundi" neno linabadilika umbo linakuwa gregis, na ndo maana kwenye Kiingereza tunakuta greg na sio grex. Watu wengi wanapotafuta mzizi wanakwama hapo, wanaona grex kwenye kamusi wanasema mbona haifanani, kumbe inabidi uangalie umbo la pili. Hii ishike kwa maneno yote ya Kilatini, lile umbo la pili ndo linalozaa.

Unganisha sasa: egregius ni "aliye nje ya kundi".

Simama hapo kidogo kabla hujaendelea, maana hapa ndo kuna ufunguo wa neno zima. Nje ya kundi, je ni vizuri au vibaya? Mzizi haujasema. Mzizi umesema tu kwamba huyu hafanani na wenzake, jicho likipita kwenye kundi linasimama kwake. Anaweza kuwa amenona kuliko wote na anaweza kuwa ndo mgonjwa kuliko wote. Upande gani, hilo waliamua watumiaji.

Na Warumi waliamua upande wa sifa. Kwao egregius alikuwa mtu bora, mashuhuri, aliyechaguliwa. Lilipanda mpaka likawa cheo kabisa, kwenye dola ya Roma maofisa wa tabaka la wapanda farasi waliokuwa wanasimamia kazi za kaisari waliitwa vir egregius, kama sisi tunavyosema mheshimiwa. Fikiria, neno ambalo leo ukimwandikia ofisa anakupeleka kwa mwanasheria wake.

Hatua ya nne: watafute ndugu zake

Neno geni likiwa peke yake linasahaulika, likiwa na ukoo linakaa. Mzizi greg una watoto wengi kwenye Kiingereza na wengine unawajua tayari bila kujua kwamba ni familia moja.

Segregate, hapo se ni kando, kwa hiyo ni kutenga kando na kundi, na segregation ndo ule utengano wa watu kwa rangi zao tunaousoma kwenye historia ya Marekani na Afrika Kusini. Congregate, con ni pamoja, kukusanyika kundi moja, na congregation ni waumini waliokusanyika. Aggregate, ile ag ni ad iliyojifananisha na g iliyo mbele yake, maana yake kuelekea, kuongeza kwenye kundi, na ndo tunapata jumla ya alama za mwanafunzi, jumla ya takwimu. Gregarious ni mtu anayependa kampani, hawezi kukaa peke yake, na wataalamu wa wanyama wanalitumia kwa wanyama wanaoishi kimakundi.

Sasa waweke gregarious na egregious uso kwa uso. Mmoja yuko ndani ya kundi na anapapenda, mwingine yuko nje ya kundi. Herufi moja tu mbele ndo imemtoa. Mimi nikimfundisha mtu hili neno huwa namwambia ajifunze haya mawili siku moja, kwa sababu yanafanana sana kwa macho na ukijifunza moja leo na lingine mwezi ujao utayachanganya tu, lakini ukiyaona pamoja ile e ya mwanzo inabaki kichwani.

Hatua ya tano: fuata lilivyogeuka

Neno liliingia kwenye Kiingereza karne ya 16, miaka ya 1530 hivi, na liliingia na sifa zake zote za Kirumi. Msomi egregious alikuwa msomi wa kupigiwa mfano. Haikuchukua muda mrefu, kabla hiyo karne haijaisha, likawa limeshaanza kulaumu, na wachunguzi wa maneno wanaeleza kwamba ilianzia kwenye kejeli, watu wanalitumia neno la sifa kumbe wanasema kinyume chake.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hili kwa sababu tunalifanya kila siku. Bingwa ni neno la heshima, bingwa wa upasuaji, bingwa wa mbio. Lakini ukisema fulani ni bingwa wa uongo hakuna anayedhani umemsifia. Hodari wa kukopa, fundi wa kukwepa kazi, ni mtindo huohuo. Umechukua neno la kumpandisha mtu ukalifunga kwenye tendo baya, na kinachobaki ni ile sehemu ya "amewazidi wenzake". Hata neno ajabu, kazi ya ajabu inaweza kuwa sifa, mtu wa ajabu mara nyingi sio sifa. Na mtu akiambiwa habari ya kutisha anasema "makubwa!", ukubwa umeshakuwa mshtuko.

Tofauti ni kwamba bingwa bado ana kazi zote mbili kwetu, wakati egregious lilibaki kwenye lawama moja kwa moja. Waingereza walisema egregious liar, egregious fool, mwongo wa kupindukia, mjinga wa kupindukia, miaka nenda rudi, mpaka masikio yakazoea kwamba likisikika hili neno nyuma yake kuna uozo. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliziweka maana zote mbili, ile ya ubora na ile ya ubaya, na kwenye ile ya ubaya akaongeza kwamba ndiyo inayotumika kwa kawaida. Kwa hiyo katikati ya karne ya 18 mambo yalikuwa yameshaamuliwa.

Na usidhani egregious ndo limeonewa peke yake. Kuna lililopanda badala ya kushuka: terrific lilikuwa la kutisha, limetoka mzizi mmoja na terror, leo ukiambiwa umefanya kazi terrific unatabasamu. Nice limetoka kwenye Kilatini nescius, asiyejua kitu, na mwanzoni kwenye Kiingereza lilikuwa la kumwita mtu mpumbavu. Maneno yanapanda na kushuka, ndo maana mzizi peke yake hautoshi, lazima ufuatilie na safari.

Hatua ya sita: soma tarehe ya maandishi kabla hujaamua maana

Hii ni fupi ila wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza msiiruke. Ukilikuta egregious kwenye andiko la karne ya 16 au ya 17 usikimbilie ubaya, angalia limefungwa kwenye nini. Christopher Marlowe kwenye sehemu ya pili ya tamthilia yake Tamburlaine, iliyochapwa mwaka 1590, ukishapita utangulizi mstari wa kwanza wa onyesho la kwanza unaanza "Egregious viceroys of these eastern parts", ni mfalme anawaita watawala wenzake kwa heshima. Watukufu, ndo maana yake, ukitafsiri "watawala wabovu" umeharibu tamthilia kabla haijaanza. Halafu kwa Shakespeare kwenye Cymbeline, miaka kama ishirini hivi baadaye, mhusika anayeitwa Posthumus anajilaani mwenyewe anajiita "egregious murderer", muuaji wa kupindukia, hapo ni ubaya mtupu. Maana zote mbili zilikuwa zinatembea mitaani kwa wakati mmoja, kinachokuambia ni lipi ni jirani yake, watawala au muuaji.

Na lugha nyingine zenye damu ya Kilatini hazikufuata Kiingereza. Kiitaliano mpaka leo barua rasmi inaanza "Egregio Signore", na hiyo ni heshima kabisa. Kihispania egregio ni mtu mashuhuri, Kireno vilevile. Kwa hiyo kama unajua moja ya lugha hizo, au kazi yako ni kutafsiri, weka alama nyekundu hapa, barua ya Kiitaliano inayomwita mkurugenzi egregio haimtukani, na ukiipeleka kwenye Kiingereza kama egregious director umeanzisha kesi.

Kuna pahala pengine ile maana ya zamani imehifadhiwa na inanifurahisha sana. Mwanahisabati wa Ujerumani Carl Friedrich Gauss mwaka 1827, kwenye kazi yake kuhusu nyuso zilizopinda ambayo aliiandika kwa Kilatini, alipata matokeo ambayo yeye mwenyewe aliyaona ni ya pekee, akayaita Theorema Egregium, kanuni ya kipekee, na mpaka leo wanahisabati wanaiita hivyohivyo. Kwa maneno ya haraka, inasema kwamba kupinda kwa uso fulani kunaweza kujulikana kwa kupima juu ya uso wenyewe tu, bila kutoka nje kuutazama, na ukiukunja bila kuuvuta wala kuuchana huo mpindo haubadiliki. Ndo maana huwezi kuchukua dunia ambayo ni tufe ukailaza kwenye karatasi bapa bila kuharibu kitu, ama ukubwa wa nchi utadanganya ama umbo ama umbali. Kila ramani ya dunia ukutani ina uongo fulani ndani yake, na sababu yake iko kwenye kanuni yenye jina hili.

Hatua ya saba: litenganishe na majirani zake

Kwenye Kiingereza kuna maneno ambayo kamusi inakupa kama visawe vya egregious, na ukiyatumia ovyo ovyo yanakuumbua. Matatu ndo yanasumbua zaidi.

Blatant ni la uwazi. Kitu kimefanywa mbele za watu bila haya, mchana kweupe. Neno hili linaonekana kwa mara ya kwanza kwa mshairi Edmund Spenser, kwenye The Faerie Queene, sehemu iliyotoka mwaka 1596, kuna dude lenye ndimi nyingi linaloitwa Blatant Beast linalochafua majina ya watu kwa kelele zake. Kwa hiyo blatant lina kelele ndani yake, a blatant lie ni uongo ambao hata aliyeusema hajajisumbua kuuficha.

Flagrant limetoka kwenye Kilatini flagrare, kuwaka moto. Ni uvunjaji wa sheria au kanuni unaowaka, kila mtu anauona. Wapenzi wa mpira wa kikapu wa NBA wanalijua, flagrant foul, rafu iliyovuka mipaka ya mchezo.

Gross, kwa maana hii ya makosa, linakaa sana na maneno ya kisheria, gross negligence, uzembe mkubwa, na mara nyingi hapo ni kipimo cha sheria chenye vigezo vyake. Usilibadilishe kwenye mkataba ukaweka egregious kwa sababu tu umelipenda, kwenye sheria kila neno lina kesi zake nyuma.

Sasa egregious linatofautiana vipi? Lenyewe halidai uwazi, linadai uzito. Chukua mhasibu anayeiba mfuko wa pensheni wa wafanyakazi kimyakimya kwa miaka mingi, vitabu vinaonekana safi, hakuna anayeshtuka. Hiyo sio blatant hata kidogo, ameficha vizuri sana. Lakini ni egregious, tena ni mfano wake wa kitabuni. Upande wa pili, mtoto mwenye chokoleti midomoni anayesema hajala chokoleti, huo uongo ni blatant ila ukisema ni egregious umemwonea. Ukishika hii mifano miwili tofauti imeisha.

Na tazama lilivyo na nguvu mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Halo Electronics dhidi ya Pulse Electronics ilisema kwamba kuongeza fidia ya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), ambayo kwa sheria yao inaweza kufika mara tatu, kwa ujumla kuachiwe kesi ambazo ni egregious, yaani sio kila aliyevunja hataza bali yule aliyevuka ule uvunjaji wa kawaida. Umeona? Hata makosa yana kundi lake la kawaida, na neno linamtafuta aliyetoka nje ya kundi hilo. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ilipofuta uamuzi wa Roe v. Wade wa mwaka 1973, ule uliolinda haki ya kutoa mimba, Jaji Samuel Alito aliandika kwamba uamuzi ule ulikuwa "egregiously wrong from the start". Uwe unakubaliana naye au hukubaliani, angalia kazi ya neno: hakusema tu ulikosea, alisema ulikosea kuliko maamuzi mengine yaliyokosea.

Hatua ya nane: andika sasa

Anza na nomino zinazozoeana nalo, usibuni zako kwanza. Error, mistake, violation, abuse, misconduct, example, breach. Hizi zikikaa nalo hakuna atakayekugusa. Muundo unaopendwa sana ni "one of the most egregious examples of", mojawapo ya mifano mibaya kupindukia ya kitu fulani, na "particularly egregious" ukitaka kuonyesha kati ya mabaya hili limezidi. Kielezi chake ni egregiously, na nomino yake egregiousness ipo lakini ni nzito mdomoni, mimi nakushauri uizunguke, sema "how serious it was" mambo yaishe.

"Very egregious" usiandike. Neno lenyewe limeshapitiliza, ukiliongezea very unalipunguzia nguvu, ni kama kusema "lililopitiliza kupita kiasi", msomaji anabaki anajiuliza.

Kuliweka kwa mtu moja kwa moja, an egregious man, siku hizi linasikika la kizamani. Liweke kwenye tendo lake: his egregious conduct. Na hii ina faida nyingine, ukiwa unaandika malalamiko au ripoti unalaumu alichofanya bila kumtukana yeye, na kisheria uko salama zaidi.

Pia pima mazingira. Hili ni neno la maandishi, la hukumu, la tahariri, la insha ya chuo. Kwenye mazungumzo ya kawaida na rafiki linakaa kama suti ufukweni, hapo "terrible" au "awful" vinatosha. Na kwenye kurasa nzima ya insha litumie mara moja, likijirudia linachosha na msomaji anaacha kukuamini, maana kila kosa haliwezi kuwa nje ya kundi kwa wakati mmoja.

Hatua ya tisa: jijaribu

Chukua matukio haya uamue mwenyewe kabla hujasoma jibu langu.

Karani amekosea herufi moja kwenye jina la mteja. Hapana, hilo ni kosa la kawaida kabisa, liko katikati ya kundi.

Daktari wa upasuaji amesahau mkasi tumboni mwa mgonjwa akashona. Ndiyo, an egregious error, na hapa hata nia mbaya haikuwepo, kumbe neno halihitaji nia mbaya, linahitaji kosa ambalo mtu wa kazi ile hakutakiwa kabisa kulifanya.

Kimbunga kimebomoa nyumba zote za kijiji. Hapana, ni janga kubwa lakini hakuna aliyekosa. Ila kama wenye mamlaka walipata onyo siku mbili kabla wakalikalia, basi kile kitendo cha kulikalia onyo ni egregious, kimbunga chenyewe bado sio.

Mwandishi amenakili sentensi moja ya mwenzake bila kumtaja. Hili ni gumu kidogo. Ni kosa, lakini wengi wangeliita tu plagiarism wakaishia hapo. Akinakili sura nzima akaweka jina lake juu na kupokea tuzo, an egregious case of plagiarism, bila wasiwasi.

Ukishamaliza haya matukio fanya jambo moja la mwisho, chukua kivumishi eminent ukipitishe kwenye njia hii hii peke yako. Utaikuta ile e uliyoijua leo, utakuta kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchomoza, na utaona kwamba huyu naye alitoka nje akajitokeza kama egregious, ila yeye heshima yake anayo mpaka leo: an eminent scientist ni mwanasayansi anayeheshimika kila mahali.